Ng'ombe ya Master

Virginie njo alinielezea hii habari, siku ya Mungu iliyopita, kiisha misa ya kwanza, tukiwa tumekaa hapa kwangu Nguba tunachambua sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Virginie ni dada ya Marcelline, na Marcelline njo mama ya Larissa, ule mutoto mwenye watu wa Bukavu wanasema aliolewa na bwana mwenye haonekane. Hakuolewa. Mutaelewa mukinipatia wakati. Mimi sina haraka, na siku ile sambaza ilikuwa mingi.

Larissa alimaliza masomo ya kujenga manyumba hapa Bukavu, lakini nyumba yenyewe haimusumbue roho. Kitu yenye inamusumbua ni antivol. Munazijua, zile chuma tunaweka kwa madirisha juu ya wezi. Hapa Nguba kuko antivol ya maua, kuko ya nyota, ya kipepeo, na karibu na ziwa kuko moja yenye iko na ndege mbili zinagusana mudomo. Huyu mutoto anatembea barabarani macho iko kwa madirisha ya watu, mupaka mulinzi mumoja alimuuliza kama anachagua nyumba ya kuiba. Anachora michoro, anaipelekea mafundi wa chuma wa Nyawera, nao wanaipiga. Anasema mwizi atazuiwa na chuma yoyote, hata ya kupindika, lakini mwenye nyumba ataangalia ile dirisha kila asubui ya maisha yake, basi ikuwe na kitu ya kumuambia.

Masomo ya vile iko na jina: arts décoratifs. Ni kufanya kitu ya kazi, kiti, mulango, kikombe, kitambaa ya kikwembe, ikuwe ya kazi na ikuwe muzuri. Larissa alitafuta fasi ya kuyasoma kwa ngazi ya master, ile diplome ya juu ya chuo kikuu. Shule mbili zilimujibu. Moja ya Ulaya, yenye jina murefu wa kujaza mudomo, ikamuomba aonyeshe kwa banki feza yenye hata ukiuza Nguba yote na wenye nyumba ndani haitafika. Ya pili ya Dakar. Ile ya Dakar ilimusamehe nusu ya malipo, na kule wanafundisha chuma kwa moto, kwa mukono. Iliomba kitu moja tu: malipo ya kwanza ifike mbele ya mwisho wa mwezi. Isipofika, kiti yake inapewa mutu mwingine.

Larissa alichagua Dakar, na alichagua na akili. Shida ilikuwa ile malipo ya kwanza. Baba yake Zagabe alikufaka zamani. Mama yake anafundisha watoto wa primaire, na mushahara ya mwalimu munajua vile inatembeaka, inachelewa sawa mugonjwa wa miguu. Njo wakapeleka neno kwa familia. Na hapo njo Hugues anaingia.

Hugues ni mudogo wa marehemu Zagabe. Anatumika mu shirika moja ya kusaidia watu, na iko pale chef wa kitu, lakini hakuna mutu wa familia anaweza kusema ni kitu gani. Anavaa beji kwa shingo hata kwa misa, sawa Mungu anaweza kumukatalia mulango. Alikuya kwa Marcelline na ordinatere, ile kompyuta yake ya kazi, akaifungua juu ya meza, akaonyesha watu picha ya mishale mule ndani. Virginie aliniapia: mishale, ya rangi.

"Larissa, ma fille," akasema, "mbona dekorasiyo? Wafazili hawana laini ya dekorasiyo mu bajeti yao. Chukua masomo ya kutuliza mizozo. Hapa kwetu mizozo haitakwisha, utakula mupaka uzeeke."

"Tonton, mi sijue kitu ya mizozo. Najua chuma."

"Basi andika 'dekorasiyo na amani'. Tia mule 'wanawake'. Tia 'rezilianse'. Utaona vile feza zinashuka."

"Maua ya antivol iko na amani gani, tonton?"

"Njo maana hauna burse ya kulipia masomo!" Hugues akageukia wengine, mikono wazi, sawa mutu amewaonyesha mugonjwa. "Na tena Dakar! Mutu wa hapa ukimutajia Ulaya anashika mufuko. Ukimutajia Dakar anashika kidevu, mupaka umufanyie fete, sherehe ya kweli."

Larissa akamuambia polepole, na heshima, kwani Marcelline alimulea vizuri: "Tonton, mi siombe fete. Kila mutu atoe yenye anaweza, nitume, kiti yangu isipotee. Ni hiyo tu."

Virginie anasema Hugues alicheka sawa mutu ameona mutoto anakula sabuni. "Mutoto wangu. Mu Bukavu hakuna mutu anatoa feza mikono mitupu. Mutu anatoa feza akiwa amekaa kwa kiti yenye kuvaa robe ya kitambaa, sahani mbele yake, na mikro inataja jina yake. Tutafanya komite."

Hapo siwezi kusema alidanganya. Muna watu hapa mujini, mutoto wa ndugu yao anafukuzwa masomo juu ya minerval, feza ya shule, hawasikie. Lakini ndoa ya mutoto wa jirani ya mukubwa wao wa kazi, watakopa ili wavae sawasawa na wengine. Hugues anawajua watu wake. Mubaya ni kwamba yeye mwenyewe ni mumoja wao.

Komite ikazaliwa. Prezida ni Hugues. Mwenye kuchunga feza ni Fabiola, bibi mwenye Hugues alioa, ili feza isipate baridi ikitembea toka mukono moja kwenda mwingine. Kukakuwa musaidizi wa prezida, mutu wa protokole, mutu wa vinywaji, mushauri, na mwenye kumushauri mushauri. Virginie wakamutupa kwa jiko. Walikutana kila siku ya Mungu, na komite haiwezi kukutana koo ikiwa kavu, basi michango ya kwanza ikanunua bière na nyama ya kuchoma ya wenye kukusanya michango. Larissa akikumbusha mwisho wa mwezi, wanamuambia: "Iko kwa ajenda."

Kiisha Fabiola akachagua kikwembe ya fete, ya kijani na mayai ya zahabu, kila mutu aishone, na inanunuliwa kwake tu. Mimi kikwembe ile ilinishinda bei, njo maana sikuingia mule sale, ukumbi ya fete. Lakini Virginie alikuwa mule toka mwanzo, na Virginie hadanganyake akiwa na sambaza mukononi.

Ikabakia kupamba sale. Fabiola akapiga mikono: "Si tuko na mupambaji mu nyumba! Tutalipa mutu wa nini?"

"Maman Fabiola," Larissa akamujibu, "hii haiko ile."

"Ni ipi sasa? Unaenda kusoma master ya dekorasiyo na hauwezi kufunga ribon kwa kiti?"

Hugues naye: "Ikamate sawa staje, ya kujifunza kazi."

Basi mutoto mwenye anachora ndege za chuma akafunga ribon kwa viti, na baluni kwa nguzo, na satini kwa meza ya prezida. Virginie alipitia mule sale na sufuria ya wali, akamukuta amekaa chini na pini mu meno, anaangalia antivol ya dirisha ya sale. "Tantine," akamuambia, "ona hii. Mutu alipinda chuma sawa jani ya mahindi, kiisha wakaipaka rangi ya choo." Kiisha akarudi kwa ribon yake.

Sasa munisikilize vizuri, tunafika kwa invitasiyo, ile karatasi ya kualika watu.

Fabiola alienda ku butiki moja ya kuchapisha, Nyawera. Kule iko na modeli nyingi: ya kilio, ya batiza, ya ndoa. Ya master hakuna, ni nani anafanyaka fete ya master mbele ya kuisoma? Fabiola akachukua ya ndoa, kwani karatasi yake ni nzito na zahabu yake haitoke ukipitisha kidole. Ile modeli iko na pete mbili zinaungana, na fasi ya majina mbili. Kwa fasi ya kwanza akaweka Larissa. Fasi ya pili ikabakia wazi, na Fabiola hapendake kitu ya kulipia ibakie wazi. Akaweka Master. Chini kabisa, kwa herufi ya sisimizi, "en arts décoratifs".

Ile karatasi ilitoka hivi: pete mbili, na chini yake, LARISSA & MASTER, kwa zahabu.

Hugues aliipitia. Mutu amesoma vile! Aliipitia na kalamu nyekundu, akasahihisha alama moja juu ya herufi, akasema: "Grammaire iko safi. Mupeleke."

Wakapeleka. Na Bukavu ikasoma vile Bukavu inasomaka: pete, majina, saa ya chakula.

Marcelline njo alianza kusikia. Walimu wenzake wanamushika mukono: "Asante Mungu, mama. Na ule mukwe, Master, ni kabila gani?" Yeye anafikiri ni masiara, anacheka. Akicheka, wanasema ni furaha ya mama. Mwingine akasema Master ni Muganda, jina ya vile ni ya kule. Mwingine akasema hapana, ule bwana iko Dakar, anamungojea kule, kila kitu iko tayari, inabakia tu bibi. Marcelline akamupigia Hugues telefone. Hugues akamujibu kwamba watu wa mujini wanapenda maneno, na kwamba yeye iko mu reunion, mukutano ya kazi.

Siku ikafika, siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu, muchana. Sale ilijaa. Kikwembe ya kijani kila fasi, sawa shamba ya maharagi. Na kila mutu alibeba zawadi, kwani kwa ndoa haukuyake na mikono mitupu: kasroli, termosi, masahani, mabeseni, mashuka mu plastiki. Watu wa chuo fulani walijiunga wakaleta matela, godoro nzito ya maua ya bluu, waliiingiza wakiimba. Boksi ya enveloppe, zile bahasha za feza, ilikaa pale pembeni na tumbo wazi. Ni nani atatia kitu mu boksi, ameisha kununua kikwembe na termosi?

Mbele, sale inakuyaka na foteye mbili za heshima. Larissa alikaa kwa moja. Ya pili ilibakia tupu. Virginie alikuwa anapitisha sahani, akasikia wamama wawili:

"Master mwenyewe iko wapi?"

"Nasikia iko Dakar."

"Hakukuya hata kwa ndoa yake?"

"Mama, wanaume wa sasa wanaoa kwa telefone."

Na mwenye mikro, mutu wa kukodi, hajui kitu, anasoma karatasi tu: "Leo tunasindikiza Larissa wetu, anaenda kuungana na Master yake, kule Dakar! Vigelegele!" Vigelegele ikapanda. Mama mumoja mwenye umri akasimama akaombea tumbo ya Larissa, ibebe mapacha mbele ya mwaka kuisha. Larissa aliinamisha kichwa. Watu wakasema: ona vile anasikia haya.

Hapo njo muzee Mushagalusa akasimama.

Huyu ni mudogo wa babu yake Larissa, mulimaji wa kule Kabare, na sasa njo mukubwa wa ile nyumba yote. Mutu alimusomea invitasiyo. Akavaa koti yake ya kanisa, kofia, fimbo, akashuka Bukavu. Kwa ile nyumba, musichana akiolewa, mukubwa anapata ng'ombe yake, na Mushagalusa aliingojea hiyo ng'ombe tangu Larissa anatambaa. Alishakuwa hata na fasi ya kuifungia.

Akagonga fimbo chini. "Mi ninauliza. Watu wa mukwe wako upande gani?"

Watu wakageuza viti.

Hugues akainama kwake: "Papa, tutaongea kiisha."

"Kiisha ya nini? Mutoto anaenda, ng'ombe haijakuya. Ninyi mulisoma, munafanya ndoa kinyume?"

"Papa, Master haiko mutu. Master ni diplome."

Muzee akamuangalia sawa mutu anaangalia mutoto mwenye homa. "Diplome. Sawa. Na baba ya Diplome iko wapi?"

Mutu mumoja akacheka, kiisha meza, kiisha sale yote. Wakachukua invitasiyo zao, wakasoma ile mustari ya sisimizi, wakaonyeshana. Kicheko ilifika mupaka kwa barabara. Wenye waliacha kucheka wa kwanza ni wale wa matela.

Hugues akashika mikro. Akaongea Kifaransa murefu. Muzee Mushagalusa akangoja amalize, akauliza tena: "Na ng'ombe?"

Kiisha fete, Fabiola akafungua boksi. Enveloppe kidogo zilikuwa mule, ingine na picha ya mutakatifu ndani, bila kitu ingine. Akalipa yenye ilibakia kwa sale, akalipa mikro, akalipa vinywaji. Ikabakia feza ya moto, ile pikipiki yenye itamurudisha na boksi kwake. Hugues akakuya kwa Larissa, beji kwa shingo, akamuambia: "Tusikuwe na roho ndogo. Bilan, hesabu ya fete, iko pozitif. Sasa jina yako inajulikana."

"Inajulikana sawa bibi ya nani, tonton?"

Wasomi wako na ile nguvu: ulizo ikikuwa muzuri sana, wanaangalia saa.

Usiku ule Marcelline alilia, na mwisho wa mwezi ilikuwa pale mulangoni. Lakini asubui, Virginie anasema, alikuta Larissa amekaa katikati ya zawadi, ameshika kasroli moja, anaizungusha, anaangalia vile maua yake ilichorwa mubaya.

"Tantine, unisaidie kubeba. Ninaenda Nyawera."

Marcelline akashituka. "Utauza zawadi ya watu? Watu watasema nini?"

"Maman, wameisha kusema. Na mi nitamupikia nani mu hizi kasroli zote? Master hakulake."

Wakaita muchukuzi mwenye mukokoteni, wakapanda na vitu yote isipokuwa matela, kwani matela ilikuwa na mutu. Nitafika kwa huyo mutu. Larissa akatandika satini ya meza ya prezida chini, kule soko ya Nyawera inaanzia, akapanga juu yake termosi na masahani. Na mi ninasema, hapo njo watu waliona ni kitu gani alienda kusomea: alizipanga vile kila kitu ilionekana ni ya bei. Mupita njia akipita anarudi nyuma.

Wa kwanza kusimama alikuwa papa mumoja wa fete.

"Ee! Hii si termosi yangu?"

"Ndiyo papa. Ulinipatia jana. Asante sana."

"Na unaiuza?"

"Ninaiuza. Ununue."

"Ninunue termosi yangu mwenyewe?"

"Haiko yako tena, papa. Ungeitia mu enveloppe ikiwa bado feza, leo haungeiona hapa."

Watu wa moto, wale wa pikipiki, walikuwa wanasimama pale, wakaanza: "Papa, nunua, usitutie haya! Bwana yake iko mbali!" Papa akazunguka, akarudi, akalipa. Akiondoka na termosi chini ya koti, akauliza: "Lakini ule Master, kwa kweli, anakufanyia nini?"

"Anangoja feza yake mbele ya mwisho wa mwezi."

"Bwana gani anaombaka bibi feza?"

"Papa," wakamujibu watu wa moto, "uko umeoa mwaka gani wewe?"

Habari ikatembea. Wengine walikuya na hasira, wakakuta vitu yao kwa satini, wakaogopa jirani aone vinauzwa, wakanunua. Walilipa mara ya pili, na ile ya pili njo ilikuwa muchango yenyewe. Hugues akafika na gari ya kazi, hakushuka, akashusha kioo. "Larissa! Unaharibu jina ya komite!" Larissa akamuonyesha beseni: "Hii iko na chapa ya shirika yenu, tonton. Unachukua?" Kioo ikapanda.

Basi siku ya mwisho ikafika, na feza ilikosa kidogo. Sawa bei ya matela.

Matela ilikuwa kwa Marcelline, katikati ya salon, na juu yake muzee Mushagalusa. Tangu fete alikataa kurudi Kabare. Alisema watu wa mulima yake hawawezi kumuona anarudi bila ng'ombe kiisha yeye mwenyewe kutangaza. Akatoa viatu, akalala juu ya maua ya bluu, fimbo pembeni, koti mwilini. Walimupatia bugali pale, anakula pale. Matela yenyewe aliipenda. Alisema watu wa Dakar hata kama hawana ng'ombe wanajua kulala.

Muchana ule akafika maman Constance, muuzaji wa Sange, mwenye analaza wasafiri wa barabara ya Uvira mu vyumba vyake. Alikuwa ameona matela, amekubali bei, amekuya na mutu wa kuibeba. Duka ya kutuma feza inafunga mangaribi.

"Babu," Larissa akapiga magoti karibu yake, "nakuomba simama. Matela inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Sange."

"Na ng'ombe inatoka wapi?"

"Babu, hakuna ng'ombe. Ni masomo. Nisipolipa leo, ninapoteza fasi yangu."

Muzee hakukasirika. Virginie anasema njo ilikuwa mubaya: aliongea vizuri, sawa mutu wa baraza. "Mutoto, mi sikufukuze kwa masomo yako. Enda. Lakini mi niliitwa kwa karatasi yenye pete. Nikishuka kwa hii matela, nimekubali kwamba nilidanganywa. Sishuke."

Maman Constance akaangalia saa, akasema Sange ni mbali. Larissa alibakia pale kwa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu mambo ianze, Virginie aliona machozi yake.

Na njo Hugues akaingia. Hakukuya kusaidia. Alikuya kuchukua satini, Fabiola alikuwa amekumbuka ni ya kukodi.

Muzee akainua kichwa. "Ah. Prezida. Karibu. Siku ya fete, ni nani alikaa kwa meza ya mbele na ua kwa koti?"

"Ni mi, papa, lakini..."

"Ni nani aligawa bière? Ni nani alisema kwa mikro 'kwa jina ya familia zote mbili'?"

"Ilikuwa imeandikwa kwa karatasi ya..."

"Basi. Upande wetu mi ninaujua, ni huyu mutoto na mama yake. Upande wa pili ni mwenye aliongea kwa jina yake. Watu wa mukwe ni wewe, Hugues. Ulete ng'ombe yangu."

Virginie akaweka mukono kwa mudomo. Maman Constance akakaa chini. Sange ilikuwa mbali lakini hii ilikuwa karibu.

"Papa, ng'ombe! Wewe unajua bei ya ng'ombe leo?"

"Ninajua. Njo maana ninaiomba."

Jirani walishaanza kujaza mulango, na kati yao wawili wa kikwembe ya kijani. Hugues akapanguza shingo. Anafahamu kitu moja vizuri yule mutu, ni vile anaonekana.

"Hakuna... hakuna kitu ingine mutu anaweza kufanya, papa?"

Muzee akagonga matela na mukono, polepole, sawa mutu anapapasa mugongo ya munyama. "Hii ni bei gani?"

Larissa akataja.

"Mulipie huyu mutoto bei yake, ibakie yangu, na ng'ombe nitaisamehe mupaka arudi. Ao ulete ng'ombe. Mi sina haraka."

Hugues akalinganisha ng'ombe na matela kichwani, na hiyo hesabu haikuhitaji ordinatere. Akafungua mufuko, akatoa feza, ya kwanza yenye ilitoka mu mukono yake tangu awe prezida. Na munisikie: mbele ya kuiachilia, akasema, "Nitaomba resi, juu ya komite." Virginie akamuandikia ile risiti kwa mugongo ya invitasiyo, nyuma ya zile pete mbili, akaandika: matela moja. Hugues akaikunja na heshima, akaiweka karibu na beji, akaondoka. Satini aliisahau.

Larissa alishakimbia. Alipanda moto, bila hata kuuliza bei, mutoto mwenye anaulizaka bei ya kiberiti. Maman Constance akarudi Sange bila matela, na alisema safari haikumupotea. Marcelline, kiisha siku zote zile za macho wazi, akalala pale pale kwa kiti, mudomo wazi, sawa mutu ameteremusha muzigo.

Jua ilikuwa bado inaangaza ziwa wakati Larissa alirudi. Akaingia polepole asimuamshe mama yake. Muzee alikuwa macho, kofia juu ya tumbo.

"Alikubali, ule Master?"

"Alikubali, babu. Kiti ni yangu."

"Ya chuma?"

"Masomo njo ya chuma, babu."

"Muzuri." Akageuka kwa upande, akavuta koti mabegani. "Ukifika kule, umuambie ng'ombe nitaichagua mwenyewe. Isikuwe ya madoadoa."

Na muzee Mushagalusa akalala.